Poda Mfukoni mwa Mwalimu

Kila yalipokaribia matokeo ya mtihani wa taifa, ule tunaouita Examen, mfuko wa kushoto wa koti la mwalimu wetu wa hesabu ulivimba. Ndani yake mlikuwa na kopo la poda, ile poda nyeupe wanayopakwa watoto wachanga. Kwetu Lubumbashi mtu akipita mtihani ule hapongezwi kwa maneno matupu. Humwagiwa poda kichwani mpaka nyusi ziwe nyeupe, kisha hutembezwa barabarani, mama zake wakipiga vigelegele na pikipiki zikipiga honi, na hata mtu asiyemjua humsimamisha ili amshike mkono. Kwa kawaida poda humwagwa na ndugu, lakini wanafunzi wake walitaka wamwagiwe na yeye. Alikwenda nyumba hadi nyumba, kwa miguu, katika vumbi jekundu la kiangazi, na mtu ambaye hakufikiwa na kopo lile alijiona hajapita sawasawa, hata kama jina lake limesomwa redioni.

Mimi hakunimwagia. Nitasema kwa nini, lakini nikianza na hilo nitakuwa nimemwonea. Mtu huyu alikuwa na mengi, na mengine nayapenda mpaka leo, jambo linaloniudhi.

Jina lake silitaji. Tulimwita Prof, kama wanavyoitwa walimu wote wa sekondari mjini kwetu. Walimu wengine tuliwaongezea somo, tukasema Prof wa historia, Prof wa biolojia. Ukisema Prof peke yake, kila mtu alijua unamsema nani.

Ubao wake haukufutwa na mwanafunzi hata siku moja. Alikuwa na kitambaa chake, akikilowesha mwenyewe bombani, akikikamua, kisha akifuta kutoka juu kwenda chini, polepole, mpaka pembeni. Halafu alisimama mikono nyuma akingoja ukauke, nasi tukingoja naye. Mkuu wa shule alimwambia mara nyingi kwamba anapoteza kipindi. Prof alimjibu kwamba yeye haandiki juu ya uchafu, na mkuu wa shule akaenda zake. Usafi ulikuwa ugonjwa wake. Kola ya shati lake ilikuwa imechakaa mpaka nyuzi zinaonekana, lakini hukuona doa.

Alituita Monsieur na Mademoiselle, sisi tuliotoka kambi za reli na kambi za migodi, tuliopokezana viatu na ndugu zetu. Nyumbani niliitwa "we mutoto", sokoni niliitwa "we mutoto", na siku ya kwanza aliponiambia "Mademoiselle, levez-vous" niligeuka nyuma nimwone huyo bibie aliyeambiwa asimame. Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Alirudia, kwa sauti ileile, akinitazama mimi, na nikasimama. Nadhani sehemu fulani yangu haijakaa tena tangu siku ile, na hilo nalo sijui kama nimshukuru au nimdai.

Darasani ilikuwa Kifaransa tu. Aliyeteleza akasema Kiswahili alisimama mpaka mwisho wa kipindi. Lakini siku ubao ulipochomoka ukutani ukamponda kidole cha mguu, alitoa Kiluba chote kilichokuwa kifuani mwake, na vingine ambavyo sidhani vilifaa masikio yetu. Kisha, mguu mmoja juu, uso umeloa jasho, alitugeukia na kusema kwa adabu: "Messieurs, mesdemoiselles, vous n'avez rien entendu." Basi hatukusikia kitu. Tulicheka tusichokisikia mpaka likizo.

Alisema pia kwamba mwalimu hapokei zawadi. Mzazi akimletea kuku, alimrudisha yule kuku mpaka mlangoni kwa mwenyewe, amemshika miguu, mtaa mzima ukiona, na mzazi akabaki na aibu yake na kuku wake. Lakini saa ya chakula ikimkuta nyumbani kwako, Prof alinawa mikono kabla hujamaliza kumkaribisha, na hakuna aliyemshinda kwa bukari, ugali wetu. Mama yangu alikuwa anamcheka: "Kuku muzima anakatala, kuku ya mu sahani anakubali." Alimcheka lakini alimwekea paja.

Ni katika mlo kama huo alipoyashika maisha yangu. Baba alikuwa ameshastaafu kazi ya reli, kifua kibovu, na alikuwa ameamua niache shule nikamsaidie mama kuuza unga sokoni. Prof alisikia, akaja, akala kwanza. Alipomaliza alifuta vidole kimoja kimoja, akasema:

"Papa, mutoto hii iko na kichwa. Uniachie yeye mupaka apate diplôme. Kisha ataenda Kasapa, atafanya polytechnique."

"Prof," baba akasema, "mutoto mwanamuke?"

"Papa, hesabu haiulizaka kama uko mwanamuke ao uko mwanaume. Inaulizaka tu: unajua ao haujue?"

Baba akakohoa, akasema basi. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshika sufuria, nimeisahau mikononi. Kuanzia siku ile, nilipopanda gari linaloelekea chuo kikuu cha Kasapa kumtembelea shangazi, nilikuwa naangalia yale majengo kama mtu anayeangalia chumba chake kinachopakwa rangi.

Neno lake kubwa lilikuwa "Démontrez". Thibitisha, onyesha njia. Ukimpa jibu sahihi bila njia, alikupa sifuri. Ukimpa njia nzuri iliyokosea mwishoni kwa bahati mbaya, alikupa karibu alama zote na kukupa mkono. Jibu bila njia, alituambia, ni kitu ulichookota, na kitu ulichookota kina mwenyewe. "Kama huna njia," alisema, "acha nafasi tupu. Nafasi tupu haijamdanganya mtu." Alilisema hilo kila wiki, na mimi, mjinga wa kwanza darasani, niliandika moyoni.

Na yeye mwenyewe alijipima kwa kipimo hicho. Siku moja alithibitisha jambo ubaoni kwa kipindi kizima, akageuka kutuaga, na mvulana wa nyuma akainua mkono akasema kwamba mstari wa katikati haukuwa sawa. Prof aliangalia ubao muda mrefu. Halafu aliandika chini yake kwa herufi kubwa, kwa ule mwandiko wake mzuri aliojivunia kuliko mke wake: Je me suis trompé. Nimekosea. Akakataza yeyote asiufute, na maneno yale yakakaa pale siku nzima, walimu wengine wakifundisha pembeni yake wameudhika, maana waliona wanatukanwa wao. Sijawahi kumwona mtu mzima mwingine, mjini hapa, akikosea mbele ya watoto na kuandika kwa mkono wake kwamba amekosea. Nilimpenda kwa hilo. Shikeni hapo, maana ndipo palipo na uchungu wangu.

Sasa nije kwenye mtihani. Msimu wa mtihani unapofika, mji mzima huongea habari ya tuyau. Ndiyo majibu yanayovuja, au yanayosemekana yamevuja, herufi za kujaza tu, maana mtihani wetu unauliza herufi: A, B, C. Hauulizi njia. Prof aliuchukia mtihani huo kwa sababu hiyo, na aliichukia tuyau kuliko alivyochukia malaria. Mwaka wetu alifunga mlango wa darasa, akatusimamisha wote, akatuinulisha mikono. Tuseme kwamba hatutagusa tuyau, hatutaisikiliza, hata ikilia mlangoni hatutaifungulia. Atakayegusa asiitegemee poda yake. Niliinua mkono. Msichana niliyekaa naye dawati moja aliinua wake pia, mkono wake umegusana na wangu, nami nikasikia fahari kama tumebatizwa pamoja.

Yeye alikuwa na tuyau siku ileile. Alinionyesha asubuhi ya mtihani, nje ya kituo, bila hila yoyote. "Chukua, rafiki, bote bako nayo," akaniambia. Nikamwambia nimeinua mkono. Akaniambia naye aliinua. Alikunja karatasi yake akanihurumia, na huruma ile ilikuwa ya kweli.

Niliingia nikafanya nilivyofundishwa. Kila swali nililithibitisha kwanza kwenye karatasi ya rasimu, mstari kwa mstari, ndipo niliweka herufi. Nilikuwa naandika vizuri, jamani. Kama mtu angezisoma zile rasimu angefurahi. Lakini hazisomwi, zinatupwa. Niliposikia msimamizi akisema muda unakwisha nilikuwa bado mbali na mwisho, na hapo mtu yeyote mwenye akili zake angejaza herufi zozote, akamwachia Mungu. Mimi niliacha nafasi tupu. Nilijiambia kwamba Prof akiniona atafurahi.

Matokeo yalisomwa redioni, shule kwa shule. Ilipofika shule yetu tulikuwa uani, baba amekaa kwenye kiti, redio juu ya ndoo. Jina la mwenzangu wa dawati lilisomwa. Langu halikusomwa. Baba aliendelea kusikiliza shule iliyofuata, na iliyofuata tena, kana kwamba nimepotea njia na nitatokea huko.

Prof alifika mtaani kwetu mchana. Nilimsikia kabla sijamwona, maana alipopita ndipo vigelegele vilipopanda. Alimmwagia poda mwenzangu, nyumba mbili kutoka kwetu, nami nilitazama kupitia matundu ya ua. Kisha alikuja kwetu. Aliingia, akamsalimu baba kwa mikono miwili, akanikuta nimesimama karibu na bomba. Alikuwa na kopo mkononi. Alilitazama, akalirudisha mfukoni.

"Walikuletea tuyau?" akaniuliza, kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuwahi kusema nami.

"Waliniletea, Prof. Nilikataa."

"Uliacha nafasi?"

"Nyingi, Prof."

Alitikisa kichwa taratibu. Akaweka kiganja chake kichwani pangu, pale ambapo poda ingekaa, akasema: "Vous, Mademoiselle, vous êtes propre." Wewe u safi. Huhitaji hii. Kisha akaenda zake, maana alikuwa na nyumba nyingine za kutembelea.

Neno lile lilinilisha miaka. Sitanii. Baba alifariki masika yaliyofuata na habari ya kurudia mtihani ikafa naye. Mama alikuwa peke yake na wadogo zangu hawajamaliza hata msingi. Nikaenda kuuza unga. Mwenzangu alikwenda Kasapa, akatoka mhandisi, na leo yuko mgodini huko Kinsevere, ana gari lenye kiyoyozi, na akiniona huteremsha kioo. Mimi nilikuwa na kibanda, kipimo cha bati, na neno la mwalimu. Wateja wakinitukana kwamba kipimo changu kina bonde, nilijisemea moyoni: mimi ni safi. Nilipolala na njaa nilijisemea hivyo pia. Mtu akinichekea kwamba nimesoma hesabu yote ile ili nipime unga, nilimtazama kutoka juu sana.

Prof alipita kibandani mara kwa mara. Hakuomba nyongeza kwenye unga, lakini alinitahini mbele ya wateja. "Mademoiselle, les angles?" Nami, mikono myeupe kwa unga, nilimjibu pembe zote alizotaka, akina mama wakicheka, yeye akitabasamu kama amemaliza kazi yake. Leo najiuliza alikuwa anakagua nini. Wakati ule niliona ni heshima. Kila sikukuu nilimpelekea sombe, mboga ya majani ya muhogo, na alipokea, kwa kuwa ilikuwa imeshapikwa.

Baadaye nilianza kuwafundisha watoto wa majirani hesabu, jioni, barazani kwangu, kazi ambayo hapa tunaiita encadrement na ambayo haimwulizi mtu diploma. Ninafundisha vizuri, najua. Wazazi wanaleta watoto kutoka mbali. Na mtoto akiniletea jibu sahihi bila njia, simpi sifuri. Nampa nusu. Prof alipogundua hilo alikasirika, hakula siku hiyo. "Nusu ya nini?" aliniuliza. "Uwongo iko na nusu?" Nikamwomba radhi na nikaendelea kutoa nusu.

Mke wake alipofariki, nilikuwa wa kwanza kufika matangani na mabegani mwangu nilikuwa na mfuko wa unga. Niliingia jikoni uani pamoja na wanawake wengine, mbabula za makaa zimepangwa, sufuria kubwa zinachemka, mimi nimeshika mwiko wa bukari. Binti yake wa pekee alikuwa amerudi kutoka Ulaya kuzika. Tulilingana umri, ila yeye alisoma kwa masista upande wa pili wa mji, na tulijuana kwa salamu tu. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, macho yamevimba, na kama wafiwa wote alitaka kusimulia kitu kinachochekesha.

"Munaona Papa yangu mukali vile," akasema, "bantu banamuogopa. Lakini hamujue vile alinipenda. Mwaka yangu ya Examen, nilikuwa najua nitaanguka. Nilikuwa nalia kila siku. Papa akatoka, akaenda yeye mwenyewe kutafuta tuyau. Papa yangu! Alirudi na vumbi mupaka ku nyusi. Akanikalisha chini, akanifundisha zile lettres moja moja, sawa vile banafundishaka mutoto sala."

Wanawake walicheka, wakafuta machozi. Mmoja akauliza: "Na poda, nani alikumwangia?"

"Papa mwenyewe. Alinimwangia kopo muzima. Alikuwa analia."

Nilimuuliza ni mwaka gani, ingawa nilishajua. Ulikuwa mwaka wetu. Ulikuwa mtihani wetu, maswali yaleyale, wiki ileile aliyofunga mlango wa darasa akatuinulisha mikono. Mwiko ulinishinda. Bukari iliungua upande mmoja, mama mmoja akaninyang'anya akaniambia nikapumzike, nimefiwa sana. Nilikaa nyuma ya choo nikalia, na watu waliopita walinisifu kwamba nilimpenda marehemu.

Sikumchukia yule binti. Alikuwa anasimulia mapenzi ya baba yake, na mapenzi yale yalikuwa ya kweli, hilo ndilo lililonichoma. Sijawahi kupendwa namna ile. Baba yangu mimi alikuwa mtu mnyoofu na mgonjwa, asingejua hata pa kuanzia kutafuta. Na mwalimu wangu, aliyejua pa kuanzia, alipita mtaani kwetu akiwa njiani kurudi nyumbani kummwagia mwanawe, akanisimamisha karibu na bomba, akaniambia mimi ni safi.

Niliacha kumtembelea. Sombe ya sikukuu niliila nyumbani na watoto wangu, maana nami nilikuwa mama sasa. Aliuliza habari zangu kwa watu, nikajibu kwa watu hao hao kwamba nina kazi nyingi. Miaka ilikwenda hivyo. Kila mtoto aliyeniletea jibu bila njia nilimwangalia kwa muda kabla ya kumpa nusu yake, nikijiuliza nyumbani kwake ni nani aliyempenda kiasi hicho.

Kisha mpwa wake, msichana anayekaa naye, alinipigia simu. Prof alikuwa amepooza upande mmoja. "Anakuita, maman," akasema. "Kila siku anakuita. Anasema tu: Mademoiselle, Mademoiselle. Nikafikiri ni nani, kumbe ni weye."

Anakaa Naviundu, si mbali na mto, nyumba ya matofali isiyo na plasta. Nilimkuta kwenye kiti karibu na dirisha, shati limefungwa vifungo vyote, mkono wa kulia umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Ukutani palikuwa na ubao mdogo, na alikuwa akimgombeza mpwa wake kwa kuuandika kabla haujakauka. Alimgombeza kwa Kiswahili. Kifaransa, msichana aliniambia mlangoni, kilikuwa kimemtoka chote kasoro maneno machache. Yeye aliyetusimamisha mpaka mwisho wa kipindi.

"Mademoiselle," akasema. "Ulinikimbia."

"Sikukukimbia, Prof. Nilikuwa nafikiri."

"Muda yote ile?"

"Njia ilikuwa murefu."

Alicheka kwa nusu ya mdomo iliyokuwa bado inatii. Nilikuwa nimejiandaa barabara nzima kutoka kwangu, nimepanga maneno ya ukali na maneno ya heshima, na sasa yote yalichanganyika. Nikaona nikianza kuulizia dawa na chakula sitasema tena. Nikasema palepale nikiwa bado sijakaa.

"Prof, mwaka yetu ya Examen, mutoto yako alikuwa na tuyau. Na weye njo ulimuletea."

Mpwa wake alichukua ndoo akatoka nje. Prof hakushtuka. Aliangalia dirishani.

"Nani alikwambia?"

"Yeye mwenyewe. Ku matanga ya mama."

Akauliza, kwa sauti ambayo sikuitegemea, sauti ya mzee yeyote: "Alikuwa anasema na furaha?"

"Na furaha, Prof. Alikuwa anakusifu."

Akafumba macho. Niliona limemfurahisha, na nilitamani kuondoka. Lakini nilikuwa nimekuja na kitu kimoja, na sikutaka kurudi nacho.

"Juu ya nini miye?" nikamwuliza sababu. "Darasa muzima ilinyanyua mikono, na darasa muzima ilikuwa na tuyau. Miye tu njo nilikuamini. Nilifanya byote sawa vile ulinifundisha. Niliacha nafasi. Juu ya nini, Prof? Démontrez."

Nililisema neno lile bila kulipanga. Alifumbua macho akanitazama kama alivyonitazama siku ile aliponisimamisha darasani. Alijaribu kukaa wima, nikamsaidia, mabega yake yamekuwa mifupa mitupu. Alianza taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache, na kwa kweli alithibitisha, mstari kwa mstari.

"Nilikuwa na mutoto wa nguvu na mutoto wa bulegevu. Ule wa bulegevu, akianguka, hatasimama. Nilimuzaa, namujua. Ule wa nguvu, akianguka, atasimama. Basi ule wa nguvu nilimupa ukweli. Ule mwengine nilimupa diplôme."

"Nilikuwa mutoto yako?"

"Ulikuwa muzuri kuliko mutoto yangu."

Kwa miaka mingi ningetoa chochote kusikia maneno hayo. Niliyasikia sasa, na yalinitia hasira.

"Na miye, Prof, nilipoanguka, nani alinisimamisha?"

Alifungua mdomo. Nje mpwa wake alikuwa anamwaga maji. Prof aliangalia ubao wake mdogo, akaangalia mkono wake uliolala, akarudi kwangu.

"Pale," akasema mwishowe, "pale sina njia."

Nikangoja. Nilijua ni neno gani linafuata. Nililiona likiandikwa ubaoni kwa herufi kubwa nilipokuwa msichana. Nilikuwa tayari kulipokea kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, hata kwa kutikisa kichwa. Aliacha nafasi tupu. Kisha alimwita mpwa wake akamwonyesha kabati kwa kidevu, na msichana akarudi na kopo, lililo na kutu shingoni, poda imeshikana ndani kwa uzee.

"Inama," akaniambia.

Niliinama. Msinicheke, na kama mnacheka, chekeni. Niliinama kwa sababu tangu nilipokuwa nyuma ya ua nikichungulia nilikuwa naitaka poda ile, na hasira haikuwa imeimaliza hamu hiyo. Aligonga kopo kwa mkono wa kushoto, vibaya, mabonge yakaniangukia kichwani, shingoni, ndani ya kola. Yalinukia mtoto mchanga. Kisha Kifaransa kidogo kikamrudia, akanipongeza.

"Félicitations, Mademoiselle. Sasa umepita."

Nilimfunga kifungo kimoja kilichofunguka, nikamwambia mpwa wake ahakikishe anakula, nikatoka. Sikujifuta. Nilitaka kujifuta lakini mikono haikupanda.

Haikuwa msimu wa matokeo, mvua zilikuwa zimeshaanza. Lakini watu wa Naviundu hawawezi kuona kichwa cheupe wakanyamaza. Dereva wa pikipiki alipiga honi. Mwingine akamfuata. Mama mmoja aliyekuwa anakaanga mikate kando ya barabara aliacha mafuta yake yakichemka, akanijia mikono wazi, amefurahi kweli, akanikumbatia na poda ikamshika kanga.

"Félicitations, maman! Ni nani amepita?"

Nilimwangalia. Nilitaka kusema ni mimi.

"Mutoto ya Prof," nikamjibu, naye akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.